Mtani Aliyekatwa Kwenye Filamu

Kwenye filamu ya harusi yangu, mimi ni bwana harusi mwenye furaha kuliko wote waliowahi kuoa mtaani kwetu Kampemba. Mke wangu anaingia kanisani, kamera inamfuata hatua kwa hatua, kisha unatokea uso wangu: macho yamelegea kwa mapenzi, midomo imeachana kidogo, jasho jembamba la mtu aliyezidiwa na bahati yake. Shangazi zangu wakifika hapo hulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na malaria. Uso ule ulipigwa nusu saa kabla bibi harusi hajafika, nikiwa nautazama mlango wa nyuma na kujiuliza kama nitawahi chooni.

Aliyefanya maajabu hayo ni Ngalula, mpiga picha na mshonaji wa filamu za harusi na vilio. Nasema mshonaji, yaani mwenye kukata picha na kuziunga, kwa sababu ndivyo anavyojiita mwenyewe. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba yake, pale Kampemba, kina kompyuta moja, feni moja, na pazia la kitenge ambalo haliruhusu hata nzi kupita wakati anakata picha. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Yeye amezaliwa hapa, ameolewa hapa na amefiwa na mume hapa. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa na kamera. Siku ya kugawana mali, ndugu wa mume walichukua vitanda, friji na mashine ya kusaga, wakamwachia kamera kwa kuwa hapakuwa na aliyejua kuiwasha. Leo ni miaka kumi na tisa anakula kwa kamera hiyo, yeye na watoto wake.

Mimi naitwa Stanislas. Nafundisha falsafa kule Kasapa, chuo kikuu, na somo langu ni moja tu ambalo wenzangu hulicheka: kwa nini mtu mwenye akili zake analia mbele ya kioo chenye mwanga, kwa ajili ya watu ambao hawapo. Wacheke. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu kwa Ngalula, nawaonyesha uso wangu wa malaria, kisha nawaambia: kichwa cha mtazamaji hakipokei picha kama ndoo inavyopokea maji. Kinaunganisha. Mpe mlango unaofunguka, kisha mpe uso, yeye mwenyewe ataapa kwamba uso unautazama mlango, na ataapa pia kwamba ameona furaha. Wataalamu wa ubongo wamelipima jambo hili kwa mashine zao. Ngalula alilijua kabla hajawasikia.

“Jicho iko muvivu,” huwaambia wanafunzi. “Linaona kiloko tu. Bingine yote, kichwa njo inatia.” Ndivyo tunavyosema hapa: kiloko ni kidogo, njo ni ndiyo, na wa hugeuka ba.

Basi mwanamke huyu, bingwa wa kazi yake, ndiye aliyekosea kosa ambalo karibu limfukuze mwenzake nyumbani kwake. Na sitamwonea haya, kwa sababu yeye mwenyewe hulisimulia.

Mwezi wa nne alifariki Chanda, fundi wa malori, mtu wa miaka arobaini na moja. Kichwa kilimuuma asubuhi, jioni akawa hayupo. Alimwacha mkewe Chancelvie na watoto wawili katika nyumba waliyoijenga wenyewe hapo Kampemba, chumba kwa chumba, kwa miaka minane. Ukoo wa Chanda ni watu wa hapa hapa tangu zamani, wakulima wa Kasungami, pembeni mwa mji. Waliomba kilio kipigwe picha, ili ndugu walioko mbali nao waone walivyomzika mtoto wao. Ngalula akabeba kamera.

Sasa, watu wa ukoo ule wana watani wao, na mtani kazi yake msibani inajulikana. Wengine wakilia, yeye anafanya mzaha. Anaweza kulala mahali pa maiti, anaweza kudai deni kwa marehemu, na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu watu wasipochekeshwa kidogo huzuni itawamaliza. Siku ya pili ya kilio akaja mtani anayeitwa Hénoc, dereva wa lori. Akavaa buti za kazi za Chanda, akaingia mpaka jeneza lilipokuwa, akapiga kelele kama Chanda alivyozoea kufanya kila jioni akitoka gereji: “Mwenye nyumba iko wapi? Muteja anafika, na njaa inamuua!” Ndiyo salamu ambayo Chanda alimpa mkewe kwa miaka kumi na miwili. Sauti ile ile, hata kile kikohozi cha mwisho.

Chancelvie alikuwa amelia siku mbili bila kula. Aliinua uso. Tabasamu likamjia lenyewe, dogo, upande mmoja wa mdomo, akasahau kidogo kwamba amefiwa. Mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia vizuri, na kamera ya Ngalula ilikuwa pale pale. Wifi yake Claudine, dada mkubwa wa marehemu, na mjomba Kasonde, mkuu wa ukoo, walikuwa nje uani wakipokea watu waliofika kutoka Kasungami. Walisikia makelele tu; na wanawake waliokuwa ndani wote walimtazama Hénoc, hakuna aliyemtazama mjane.

Ngalula alipokaa kushona filamu yake, akamkata Hénoc. Mzima, kuanzia buti mpaka kikohozi. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, na kwao filamu ya kilio ni ya kuliza watu. Mtu anayeruka-ruka mbele ya jeneza aliona ni aibu kuwapelekea ndugu wa mbali. Lakini uso wa Chancelvie aliuacha, kwa kuwa ulikuwa uso mzuri kuliko yote aliyopiga siku ile. Akauweka baada ya picha ya jeneza.

Nilimuuliza baadaye: mama, wewe unayewafundisha wanafunzi wangu, hukuona?

“Nilikuwa namuona Hénoc,” akasema. “Ile picha nilishaiangalia mara makumi mbili. Kila nikiona ile sura, nasikia bado sauti yake. Nilimukata mu filamu, Prof. Mu kichwa yangu sikumukata.”

Hilo nami lilinichoma, kwa sababu ndilo ninalolifundisha na ndilo ninalolisahau kila siku: macho huona kile ambacho kichwa kimekwisha kujua. Aliyejua habari ya Hénoc aliona mke anayemkumbuka mumewe. Asiyejua aliona mwanamke anayetazama jeneza la mumewe na kutabasamu.

Na Kasungami hawakujua. Filamu ilionyeshwa sebuleni kwa mjomba Kasonde, watu wamejaa mpaka mlangoni. Ilipofika pale, Claudine akachukua rimoti akaisimamisha. Uso wa Chancelvie ukabaki kwenye televisheni, unatabasamu, mkubwa kuliko wa mtu. Mtu akaupiga picha kwa simu. Kabla ya Jumapili picha ilikuwa imezunguka Kampemba nzima, na kila mkono iliopita iliongezewa neno. Mwanamke alikuwa na bwana mwingine. Mwanamke aliweka kitu katika chakula. Kichwa gani kinamuua mtu kwa siku moja? Watu wetu bwana, uongo ukivaa nguo nzuri wanauketisha kiti cha mbele.

Ukoo ukaita kikao cha Jumamosi. Mjomba Kasonde alituma neno fupi: mjane aje aeleze alichokuwa anakichekea. Akishindwa, atoke katika nyumba ile, na watoto watalelewa Kasungami kwa baba zao.

Siku ya Jumatano Chancelvie alikwenda kwa Ngalula, na mimi nilikuwepo, nimepeleka kamera ya chuo itengenezwe. Sijawahi kuona mtu aliyekonda vile kwa wiki tatu. Nilidhani amekuja kugomba. Alikaa kwenye kigoda, akafungua simu yake, akatuonyesha ile picha.

“Ba mama, mie mwenyewe minaiangalia,” alisema. “Minaona minacheka. Juu ya nini nilicheka? Bwana yangu iko pale analala mu sanduku, na mie minacheka. Pengine beko na haki.”

Nilipandwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Kumsingizia mtu ni jambo moja, tumelizoea. Lakini kumfanya mtu ajishuku kwa uso wake mwenyewe! Siku zile za kilio hakumbuki chochote, hakulala, hakula, na filamu ndiyo imekuwa kumbukumbu yake. Ngalula alishuka kitini akapiga magoti mbele ya mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake.

“Ni mie njo nilikukosea, mwana,” akamwambia. “Si weye. Ulikuwa na sababu ya kucheka, na nilikuibia ile sababu.” Kisha akamwonyesha ile sehemu aliyoikata, na Chancelvie akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, akisema, “Njo vile! Njo vile alikuwaka anasema!”

Mimi kwa haraka zangu nikasema mambo yamekwisha: tuchukue kipande hicho, twende Kasungami, tuwaonyeshe. Ngalula akaniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Batasema nimeitengeneza leo. Bantu banaamini macho yao, Prof. Kwanza tubafundishe kuogopa macho.”

Nikasema basi aitwe Hénoc atoe ushahidi. Hapo hata Chancelvie alicheka kidogo. Nani ataamini ushahidi wa mtani? Akisema “naapa”, watu watapiga makofi.

Jumamosi mchana tulifika Kasungami watu watatu, Ngalula amebeba kompyuta na kamera yake yenye miguu mitatu. Sebule ya mjomba Kasonde ilikuwa imejaa. Chancelvie aliketishwa peke yake kwenye mkeka karibu na mlango, mahali anapokaa mtu ambaye huenda akaambiwa aondoke. Niliomba kusema kwanza. Nilikuwa nimejitayarisha usiku kucha, na nasema bila aibu kwamba nilisema vizuri sana: nilieleza ufahamu, umakini, hisia zinazoanzia mwilini kabla ya akili, na tofauti kati ya kuona na kuona kuwa. Dakika kumi. Nilipomaliza, mzee mmoja aliamshwa na jirani yake, na mjomba Kasonde akauliza kwa upole, “Prof, weye uko upande ya nani?”

Ngalula akaniambia nikae.

Akafunga mapazia, akaunganisha kompyuta na televisheni. Kamera yake akaisimamisha kando ya televisheni, ikiwatazama watu. Walidhani ameiweka tu pale isimsumbue. “Nitawaonyesha mambo matatu,” akasema. “Muniambie tu mnaona nini.”

Picha ya kwanza: sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, mvuke unapanda. Kisha uso wa mjomba Kasonde mwenyewe, uliopigwa siku ya kilio, ameinamisha kichwa, macho yanatazama chini upande. Sebule ikalipuka kwa kicheko. “Njaa!” walipiga kelele. “Mjomba anaiangalia ile samaki sawa paka!” Kasonde naye akacheka, akapunga mkono.

Picha ya pili: jeneza. Kisha uso wa Kasonde. Mama mmoja akasema taratibu, “Yoo, mjomba. Angalia namna alivunjika moyo.” Wengine wakaitikia.

Picha ya tatu: nyumba ya Chanda kule Kampemba, bati jipya linang’aa, geti limefunguliwa. Kisha uso wa Kasonde. Kijana mmoja wa ukoo, ambaye huenda alisahau yuko wapi, akajibu kama alivyoulizwa: “Anaitamani.”

Mjomba Kasonde alisimama. “Bwongo! Nani anatamani? Mie sikuangalia nyumba ya muntu! Nilikuwa natafuta manyoya yangu… miwani, miwani yangu ilianguka chini ya kiti!” Alikuwa amekasirika mpaka maneno yanagombana mdomoni.

“Minajua, mjomba,” Ngalula akajibu. “Ni sura moja tu. Sikuigeuza hata kiloko. Ulikuwa unatafuta miwani, na bantu bako, benye kukupenda, banaona njaa, banaona huzuni, banaona tamaa. Mie niliweka tu picha mbele yake. Bale bengine yote, mulitia ninyi.”

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mjomba Kasonde alikaa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ningeweza kufundisha mwaka mzima nisifike pale.

Lakini Claudine hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikuwa amempenda mdogo wake, naye alitafuta wa kumlaumu kama wote tunavyotafuta. “Donc kumbe filamu yako ni bwongo yote,” alisema. “Sawa. Basi na ile ya Chancelvie ni bwongo? Hakucheka?”

Niliomba moyoni Ngalula aseme ndiyo, hakucheka, tuondoke. Ingekuwa rahisi.

“Alicheka,” Ngalula akasema. “Ile ni kweli.”

Chancelvie alishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Watu wakaanza kunong’ona, na Claudine akafungua mikono yake kuwaonyesha wote: mmesikia. Ngalula hakuwangoja. Alibonyeza kitufe.

Hénoc akaingia kwenye kioo. Aliingia kwa buti za Chanda, mwendo wa Chanda wa kuinua bega moja, akasimama kati ya wanawake wanaolia, akapaza sauti: “Mwenye nyumba iko wapi? Muteja anafika, na njaa inamuua!” Na kikohozi.

Kulikuwa na sauti ndani ya sebule ile ambayo siwezi kuiita kicheko wala kilio. Wote walimtambua Chanda katika sauti ile. Claudine ndiye aliyemlea Chanda mama yao alipofariki. Alizisikia kelele hizo mlangoni kwake kabla Chancelvie hajaolewa. Mjomba Kasonde alitikisa kichwa akisema, “Uyu Hénoc, uyu Hénoc,” huku mabega yanacheza. Kwenye televisheni kamera ikageuka, ukatokea uso wa Chancelvie na lile tabasamu la upande mmoja. Halafu filamu ikakatika, kwa kuwa Ngalula alikuwa ameizima.

Alichomoa kadi kwenye kamera iliyosimama kando, akaiweka kwenye kompyuta. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha maji. “Iko moja ya mwisho,” akasema.

Jeneza la Chanda, lile lile, na maua yake. Kisha uso wa Claudine, uliopigwa muda huo huo, pale pale sebuleni, Hénoc alipoita: macho yamefunguka, na kwenye mdomo, upande mmoja, tabasamu.

Claudine alijitazama. Alikuwa mwanamke anayelitazama jeneza la mdogo wake na kutabasamu, na hakuna mtu duniani ambaye angebisha, maana macho hayana pazia na kila mmoja wetu alikuwa na yake mawili.

Ngalula hakusema neno. Namheshimu kwa mambo mengi, lakini kwa hilo zaidi. Mimi ningehutubia.

Claudine akainuka, akavuka sebule nzima, akapita miguu ya wazee bila kuomba radhi, akaenda kukaa chini kwenye mkeka ule wa karibu na mlango, bega kwa bega na Chancelvie. Akamshika mkono. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

“Mama Ngalula,” alisema, “rudisha kiloko. Pale anaingia.”

Ngalula akarudisha. Hénoc akaingia kwa buti zile, akaita mwenye nyumba. Mara hii Chancelvie alijibu, kwa sauti ndogo, lile ambalo huenda alilijibu kila jioni kwa miaka kumi na miwili: “Ingia, muteja. Bukari iko tayari.” Nao wawili wakalia na kucheka pamoja, na mjomba Kasonde akaagiza mapazia yasifunguliwe kwanza, mpaka wamalize.